Haki za Waislamu Mombasa: ya barazani na ya kwenye sheria

“Mashirika haya yanatetea magaidi.” Maneno haya ya barazani yalishika kasi Aprili 2015, serikali ya Kenya ilipoyaweka mashirika ya haki za binadamu MUHURI na Haki Africa, yote ya Mombasa, kwenye orodha ya washukiwa wa ugaidi na akaunti zao zikafungwa. Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliamuru zifunguliwe. Kinachotetewa ni Kifungu cha 49 cha Katiba, nacho hakimuulizi aliyekamatwa dini yake: aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, anyamaze akitaka, awasiliane na wakili.

“Kesi ya ugaidi, polisi humweka mtu wapendavyo.” La, saa 24 za kumfikisha mtu mahakamani ni zilezile. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inaruhusu kuzuiliwa hadi siku 90, lakini kwa amri ya mahakama. Tatizo ni hesabu. Aliyekamatwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, saa zake zinaisha Jumamosi, mahakama imefungwa. Basi polisi wana hadi mwisho wa kikao cha Jumatatu, na ikiwa Jumatatu ni Idi, Jumanne. Kelele za Jumapili langoni mwa kituo hazina nguvu kisheria. Bora mpate namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), jina la afisa na saa aliyoingizwa seli.

Kituo kikikana kuwa naye, ndipo wakili anapopeleka Mahakama Kuu ombi la habeas corpus, yaani la kutaka anayezuiliwa aletwe mbele ya jaji. Ombi hili huangushwa na kiapo chepesi: “walikuja watu wakamchukua.” Polisi wakijibu “hatunaye,” jaji hana pa kushika. Kiapo kitaje saa, mtaa, namba ya gari, nani aliona, vituo gani viliulizwa na vikajibu nini.

“Mahakama ya Juu ilipiga marufuku hijabu 2019.” Haikufika huko. Katika kesi ile ya shule ya Isiolo, mzazi aliyeingia kama mhusika tu alileta madai yake mwenyewe ndani ya kesi ya wengine. Mahakama ikasema utaratibu huo haufai, na ushindi wa 2016 kwenye Mahakama ya Rufaa, ulioruhusu hijabu, ukafutika. Mzazi wa leo afungue kesi yake chini ya Kifungu cha 22 cha Katiba, ambacho hakitozi ada ya kufungua. Kabla ya hapo aandikie bodi ya shule na adai jibu la maandishi, maana katazo la mdomo getini ni gumu kuthibitisha.

“Kadhi anaweza kumwita yeyote.” Kifungu cha 170 kinataka pande zote ziwe za Waislamu na ziridhie, na mambo yenyewe ni hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Ugomvi wa mpaka wa kiwanja Kisauni ukipelekwa kwake utarudishwa, hata majirani wote wawe Waislamu.