Picha ya Shamba na Jina Lake: Dhana Potofu na Ukweli

Wachoraji wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe huhangaika na rangi wiki nzima, halafu jina la picha wanalitafuta dakika ya mwisho, mwenye ukumbi kashika kalamu anasubiri. Ndiyo maana ukutani zinajipanga "Maisha ya Kijijini", "Uzuri wa Asili" na "Mama wa Kiafrika", kila maonyesho. Uvivu una sehemu yake hapo, ila kuna pia imani fulani zilizozoeleka.

Dhana: Jina la jumla humgusa kila mtu.

Humgusa kila mtu kidogo tu, na hapo ndipo tatizo lilipo. Tukuyu ya migomba na chai, Mbozi ya kahawa na vilima vya Uporoto vya viazi si kijiji kimoja.

Tuseme umemchora mama ameketi kando ya barabara kuu, nyuma yake magunia ya viazi mviringo yamejazwa mpaka yameota nundu, na nundu zenyewe zimeshikiliwa kwa kamba iliyosukwa kama wavu. Ukiiita "Mama na Viazi", umemwambia mtazamaji alichokwisha kukiona. Iite "Lumbesa", yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, uone. Macho yanamwacha mama kwanza, yanapanda kwenye zile nundu, kisha yanarudi usoni kwake na swali: hapa nani anapunjwa? Mkulima yeyote wa nyanda za juu anaijua hesabu hiyo, na anajua pia kwamba sheria ya vipimo inaikataza. Rangi ni ile ile, picha imekuwa nyingine.

Dhana: Jina ni la mchoraji, akishalitoa limekwisha.

Mwaka 1821, Mwingereza John Constable alionyesha London picha ya mkokoteni uliosimama ndani ya maji, karibu na nyumba ya shambani. Aliipa jina la "Mandhari: Adhuhuri". Nani analikumbuka leo? Watu waliuona mkokoteni wa majani makavu wakaiita kwa mkokoteni huo, The Hay Wain, na ndivyo inavyojulikana hadi sasa. Ukitoa jina lisiloshika kitu, wenzako watakutafutia linaloshika, na huenda usilipende.

Dhana: Msomaji ataelewa jina kama ulivyolikusudia.

Grant Wood alichora mwaka 1930 mzee mwenye uma wa shambani na mwanamke pembeni yake, mbele ya nyumba ya mbao huko Iowa, Marekani. Jina American Gothic lilitokana na mtindo wa ujenzi wa nyumba ile, uitwao Gothic, hasa dirisha la juu lenye ncha. Watu wakawaangalia wawili wale tu, wengi wakadhani ni mke na mume, ilhali mchoraji alikusudia baba na binti yake. Kwa hiyo kabla hujaliandika, mtajie jina mtu ambaye hajaiona picha, umuulize anategemea kuona nini.

Dhana: Jina la mahali ni pambo, hakuna atakayehakiki.

Wenyeji watahakiki, tena kwa sauti. Ukiandika "Rungwe" chini ya mlima ambao kila mtu wa Mbeya anaujua ni Loleza, picha imekufa palepale. Na miezi ni hivyo hivyo. Maua ya uwanda wa juu wa Kitulo hushamiri wakati wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Kule juu, mwezi wa saba ni wa baridi kali na umande unaoganda. "Kitulo, Julai" yenye uwanda uliojaa maua itachekwa na hata utingo wa basi la Makete. Huna uhakika na mwezi? Uache.

Dhana: Jina la Kiingereza huuza zaidi.

Mgeni anayenunua picha Iringa hajaja kutafuta Kiingereza. Andika Kiswahili, maelezo ya lugha nyingine yakae chini kwa herufi ndogo.

Dhana: "Bila Jina" ni alama ya usanii wa hali ya juu.

Labda. Ila ukiwa na tatu za aina hiyo kwenye orodha moja, subiri siku mteja akipiga simu kuulizia "ile Bila Jina".

Dhana: Kikadi cha ukutani kinatosha.

Kikadi hubaki ukutani, picha huondoka. Mholanzi Rembrandt alimaliza mwaka 1642 picha kubwa ya askari wa mgambo wa Amsterdam. Jina la "Zamu ya Usiku" ilipewa zaidi ya miaka mia moja baadaye, vanishi ikiwa imeshakuwa nyeusi, wakati tukio lenyewe ni la mchana. Basi geuza fremu, uandike kwa penseli kwenye ubao wake jina, mahali na mwaka. Usitumie kalamu ya wino mzito nyuma ya turubai, maana wino unaweza kupenya ukatokea mbele, katikati ya anga lako.