Ndege wa miguu kumi

Kuna jamaa alinitumia picha kwa simu akaniuliza, "Kaka, hii si imechezewa kwa kompyuta?" Ndege wa kahawia amesimama juu ya jani la yungiyungi, paji lake la buluu, halafu pale tumboni zinaning'inia nyayo zingine nane. Haijachezewa. Huyo ni sile-maua, na hiyo miguu ya ziada ni ya vifaranga wake wanne amewabana kwapani.

Na ni baba huyo, si mama. Mama ni jitu zima, anamzidi dume kwa umbo, anamiliki eneo lake na waume kadhaa ndani yake, anamtagia huyu mayai manne hivi anaenda zake kwa mwingine, basi kuatamia wiki tatu na ushee na kulea vyote vinabaki kwa dume. Wageni wangu wa kike huwa wanaipenda sana hii sehemu! Lakini ukikaa bwawani utaelewa kwa nini, maana kiota chenyewe ni majani machache yanayoelea, maji yakipanda au kenge akipita mayai yamekwenda, na jike asiyelea anaweza kutaga mengine haraka.

Mayai yenyewe ni mazuri ajabu, yanang'aa kama yamepakwa vanishi, yamechorwachorwa mistari myeusi kama mtoto kapewa kalamu.

Vidole ni virefu hata vinachekesha, uzito unasambaa juu ya majani ndo maana hazami. Sio lazima yawe yungiyungi. Kule Naivasha yungiyungi ziliisha, wanalaumiwa sana kamba wekundu wenye asili ya Marekani walioingizwa ziwani 1970, na yeye sasa anatembea zake juu ya magugu maji kama kawa. Ila akipukutisha manyoya ya mbawa yanatoka yote kwa mpigo, kwa hiyo kuna kipindi haruki kabisa, ukimfukuza anazama anaacha ncha ya mdomo tu juu.

Ukitaka kumwona akibeba, zima injini ya boti utulie. Mwewe akipita, dume anachuchumaa anaita kidogo, vifaranga wanakuja mbio wanajipenyeza, anafunga mbawa (mfupa mmoja humo ni bapa kama upanga, inadhaniwa ndo unaowashikilia) kisha anainuka na kuondoka, vidole vya watoto vikiburuzika majini.