Hisa za senti: habari njema inapotoka, nani anauza?

Kuna siku nilikaa mbele ya kompyuta kwa saa tatu nikitazama rundo moja la hisa likikataa kwisha. Kampuni ilikuwa imetangaza asubuhi kwamba imekubaliana kununua biashara nyingine, bei ikapanda kutoka senti 5 hadi senti 7 kabla sijamaliza kusoma tangazo lenyewe, nami nikanunua hisa 60,000 kwa dola 0.071. Katika orodha ya oda, mtengeneza soko mmoja, yaani kampuni inayotangaza bei za kununua na kuuza hisa, alikuwa ameweka hisa 10,000 za kuuza kwa dola 0.074. Zilinunuliwa zote, zikatokea nyingine 10,000 kwa bei ileile. Nazo zikanunuliwa, zikatokea nyingine. Kufikia saa sita mchana zilikuwa zimeuzwa hisa milioni 9 na bei haijasogea hata robo ya senti. Alasiri wanunuzi walichoka, bei ikarudi ilikotoka, nami nikauza kwa dola 0.052, yaani hasara ya dola 1,140 kabla ya ada ya dalali.

Ripoti ya robo mwaka ilipowasilishwa ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikikitazama. Idadi ya hisa zilizotolewa ilikuwa imepanda kutoka milioni 310 hadi milioni 455. Tangazo halikuwa la uongo. Biashara iliyokuwa ikinunuliwa ilikuwepo na mkataba ulikuwepo. Ila mtu aliyeikopesha kampuni fedha alikuwa ameshageuza deni lake kuwa hisa, na alihitaji umati wa kumpokea mzigo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mgeni siku hiyo nilikuwa mimi.

Kwa kanuni za Marekani, hisa ya senti kwa ujumla ni ile inayouzwa chini ya dola 5 na isiyoingia katika misamaha iliyowekwa, kama ule wa hisa zilizoorodheshwa kwenye masoko makuu. Ninazozungumzia hapa ni zile zinazouzwa nje ya masoko hayo, nyingi zikiwa chini ya senti 10, ambako wachuuzi wa hisa humlaumu mtengeneza soko kwa kila bei inayoshuka. Lawama hizo nilizishiriki kwa miaka, na sasa naona nyingi zinatokana na kusoma vibaya kinachoonekana kwenye skrini.

Mtengeneza soko ni kampuni inayotangaza bei ya kununua na bei ya kuuza kwa wakati mmoja, na riziki yake imo katika pengo lililo kati ya bei hizo mbili. Kanuni ya FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa hisa Marekani, inamtaka, kwa hisa iliyo chini ya senti 10, atangaze oda isiyopungua hisa 10,000. Kwa hiyo zile 10,000 nilizoziona hazikuwa dalili ya lolote. Ni kima cha chini kilichowekwa na kanuni, na nyuma yake kunaweza kuwa na oda ya mteja anayetaka kuuza hisa milioni 10. Ndiyo maana sitazami tena ukubwa wa oda bali tabia yake: je, muuzaji anapandisha bei wanunuzi wanapomkimbilia, au anakaa palepale akijaziliza? Asiye na mzigo mkubwa hupandisha bei. Anayejaziliza ana ghala.

Kosa jingine linalorudiwa kila wiki ni la takwimu za mauzo ya hisa za kuazima, yaani hisa zinazouzwa na asiyekuwa nazo bado. FINRA huchapisha kila siku kiasi cha mauzo yaliyotiwa alama hiyo, na mtu akiona yamefika nusu ya biashara yote, hupiga kelele kwamba kampuni inashambuliwa. Sivyo. Mteja anapotaka kununua, mtengeneza soko anaweza kumuuzia kwanza hisa asizokuwa nazo, kisha akazinunua dakika chache baadaye, na mauzo hayo huandikwa kuwa ya kuazima ingawa jioni hana deni lolote. Anayetaka kujua ni hisa ngapi hasa zimeuzwa hivyo na bado hazijanunuliwa na kurudishwa atazame takwimu nyingine, zinazotolewa mara mbili kwa mwezi. Simaanishi kwamba watengeneza soko ni malaika, kwa kuwa wapo waliowahi kuadhibiwa. Nasema tu kwamba tarakimu hiyo si ushahidi.

Pengo la bei lenyewe, hata bila hila ya mtu yeyote, linatosha kumtia mtu hasara. Chukua hisa inayonunuliwa na soko kwa dola 0.042 na kuuzwa kwa dola 0.048. Ukinunua hisa 100,000 unalipa dola 4,800, na ukigeuka kuuza papo hapo unapata 4,200, yaani umepoteza asilimia 12.5 ilhali bei haijatikisika.

Sasa turudi kwenye ghala, maana hapo ndipo penye uzito. Deni linalogeuzwa hisa huandikwa mara nyingi kwa sharti la punguzo: mkopeshaji wa dola 100,000 anaruhusiwa kugeuza deni kwa bei iliyo chini kwa asilimia 40 ya bei ndogo kabisa ya siku 20 zilizopita. Bei hiyo ndogo ikiwa senti 3, atapewa hisa kwa senti 1.8, na deni lote litazaa hisa karibu milioni 5.6. Ikishuka hadi senti 1, deni lilelile litazaa hisa karibu milioni 16.7. Kwa maneno mengine, kadiri anavyouza na kuibomoa bei ndivyo anavyostahili hisa nyingi zaidi katika ugeuzaji unaofuata. Tena Kanuni ya 144 ya SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa na dhamana Marekani, humruhusu kuuza hisa hizo baada ya miezi 6 ikiwa kampuni inawasilisha ripoti zake kwa tume hiyo. Basi mimi husoma kwanza tanbihi za madeni, nikahesabu miezi 6 tangu tarehe ya kila mkopo, halafu ndipo nisome habari njema. Cha ajabu, mara nyingi tarehe ya kutimia miezi hiyo na tarehe ya habari njema hukaribiana.

Habari yenyewe nayo ina daraja. Kampuni inayoripoti kwa SEC ikiingia mkataba wenye uzito nje ya shughuli zake za kawaida, hutakiwa kuwasilisha fomu 8-K ndani ya siku 4 za kazi. Tangazo likipigiwa debe na fomu isionekane, ama mkataba si mzito kama unavyosifiwa, ama ni barua ya nia isiyomfunga mtu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wakati mwingine habari haina hata biashara ndani yake. Desemba 2017 kampuni ya vinywaji ya Long Island Iced Tea, iliyokuwa kwenye soko la hisa la Nasdaq, ilitangaza kujiita Long Blockchain, na hisa zake zikapanda zaidi ya mara mbili siku hiyohiyo. Mwezi uliofuata ilitangaza mpango wa kuuza hisa mpya ili inunue mashine za kuchimba bitcoin, kisha ikauondoa. Mwaka 2021 SEC iliwashtaki watu watatu kwa kutumia siri ya tangazo lile kabla halijatoka. Januari 2021 Elon Musk aliwahimiza watu watumie programu ya ujumbe ya Signal, na wanunuzi wakavamia Signal Advance, kampuni isiyohusiana nayo kabisa, ambayo hisa zake zilikuwa hazina biashara kubwa. Zikatoka chini ya dola 1 hadi zaidi ya dola 30 kwa siku chache.

Siku hizi sinunui dakika za mwanzo za tangazo, situmii oda isiyo na kikomo cha bei, na siwi na hisa nyingi kuliko ninazoweza kuuza bila kuisukuma bei chini. Kikomo hiki cha mwisho ni cha lazima, kwa sababu hata mlango wenyewe unaweza kufungwa. Mwaka 2014 hisa za CYNK Technology zilipanda kutoka chini ya senti 10 hadi zaidi ya dola 20 ilhali kampuni haikuwa na mapato, na Julai SEC ikasimamisha biashara yake. Usimamishaji wa namna hiyo hudumu hadi siku 10 za biashara, na ukiisha watengeneza soko hawawezi kurudi kutangaza bei kama zamani mpaka mmoja wao awasilishe fomu 211 kwa FINRA. Katika muda huo mwenye hisa huiona faida yake kwenye akaunti na ni vigumu kumpata wa kumuuzia.