Kuheshimu uhai ni nini hasa, tukiongelea jumuiya zetu za hapa Nairobi

Tumsifu Yesu Kristu. Hili neno kuheshimu uhai tunalisikia kila mara, padre analisema kwa mahubiri, linasomwa kwa maombi ya waamini, lakini ukisimama nje ya kanisa baada ya misa uulize watu maana yake wengi watakuambia ni kukataa kutoa mimba, basi. Hiyo ni kweli na siipunguzi hata kidogo, Kanisa linafundisha uhai unaanza mimba ikitungwa na hata Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 26, inasema hivyo. Lakini neno lenyewe ni pana kuliko hapo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, mwaka 1965 uliyataja mambo yanayopinga uhai na utu wa mtu, na ukiyasoma unakuta kuua, kutoa mimba, kujiua, halafu hapo hapo kuna mateso, utumwa, kuuza wanawake na watoto, watu kuishi mahali hapafai binadamu, na wafanyakazi kutumiwa kama vyombo tu vya kuleta faida. Sasa fikiria dada wa kazi hapo mtaa wa Umoja, analala kwa sakafu ya jikoni, saa kumi asubuhi ameshaamka, mshahara wa miezi mitatu hajauona, na mama aliyemwandika ndiye anasoma somo la kwanza Jumapili. Kwa huyo mama swali la uhai haliko mbali, liko jikoni kwake.

Jumuiya inaingia wapi hapa? Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walikutana hapa Nairobi mwaka 1976 wakasema jumuiya ndogo ndogo ndizo zipewe kipaumbele, na kwa mji kama huu unaona sababu, parokia inakuwa na misa tatu nne za Jumapili na zote zimejaa, unaweza kupotea miezi sita hakuna mtu ameuliza. Kwa jumuiya huwezi. Mko familia kama kumi na tano, mnakutana kwa nyumba ya mtu, mnasoma Injili ya Jumapili inayokuja, na kabla sala ya mwisho lazima mtu aulize, kwani baba fulani ako wapi, mbona hajaonekana? Kwangu mimi hapo ndipo kuheshimu uhai kunaanza, mtu kuulizwa.

Wakati wa ukimwi miaka ya tisini tuliona hiyo kitu ikifanya kazi. Watu wa jumuiya za Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, waliingia kwa nyumba ambazo hata ndugu wa damu walikuwa wameacha kuingia, wakaosha wagonjwa, wakawapikia uji, na ule mradi wa ukimwi wa dekania ya mashariki (Eastern Deanery, yaani kundi la parokia za upande huo), ulioanza 1993, ulitegemea sana wajitolea kama hao. Walikuwa akina mama wa kawaida tu, wengi wenyewe hawana kitu.

Kuna mahali tunakosea pia na inaniuma. Msichana akipata mimba bila ndoa tunamnong'ona mpaka anaacha kuja jumuiya, mtoto akizaliwa anahitaji barua ya jumuiya ndio abatizwe, tunaanza kumwambia ati hajakuwa akihudhuria. Yaani tumemwambia asitoe mimba, hajatoa, halafu tunamfungia mlango? Huyo anahitaji mtu wa kumsindikiza kliniki, mchango kidogo wa M-Pesa wa nepi na kitanda cha hospitali, na mama mmoja wa kumwambia karibu, keti hapa kando yangu.

Na kuna mwizi. Huyu hatumtaji kabisa tukiongea mambo ya uhai, na hapa Nairobi mtu akipigiwa kelele za mwizi anaweza kuwa amekufa kabla hata polisi hawajafika. Jumapili moja stegini kwetu walishika kijana na simu ya mtu, tairi ya kumchomea ikawa imeshaletwa, katekista wetu akapita akaingia katikati akakaa karibu naye kabisa pale chini na kusema huyu apelekwe stesheni, mimi siondoki. Alikaa hapo karibu nusu saa. Wengine wa wale walioshika mawe tulikuwa nao misa ya kwanza asubuhi hiyo.