Vitamini D na Saratani ya Ini: Maswali na Majibu

Je, ni kweli kwamba upungufu wa vitamini D husababisha saratani ya ini?

Hilo halijathibitishwa. Kilichoonekana hadi sasa ni uhusiano tu. Utafiti wa EPIC, uliowafuatilia watu zaidi ya laki tano katika nchi 10 za Ulaya, ulitoa matokeo mwaka 2014 yakionyesha kwamba watu waliokuwa na vitamini D nyingi zaidi katika damu iliyochukuliwa kabla hawajaugua walikuwa na hatari ya saratani ya ini iliyo pungufu kwa karibu nusu, wakilinganishwa na wale waliokuwa na kiwango cha chini kabisa. Matokeo hayo ni mazito, lakini hayatoshi kumwambia mtu kwamba akinunua vidonge atakuwa amejikinga, kwa sababu inayoelezwa katika jibu linalofuata.

Mbona basi wagonjwa wengi wa ini hukutwa na vitamini D ya chini?

Kwa sababu vitamini hii haikamiliki bila ini. Ngozi ikipata jua hutengeneza vitamini D ghafi, nayo damu huipeleka kwenye ini, ambako hubadilishwa kuwa 25-haidroksivitamini D. Hiyo ndiyo maabara huipima, na baadaye figo huigeuza kuwa homoni yenye nguvu kamili. Ini hilohilo hutengeneza protini inayoibeba vitamini hiyo katika damu, na pia hutoa nyongo, ambayo bila yake utumbo haufyonzi vizuri mafuta wala vitamini zinazoyeyuka katika mafuta. Ini linapojaa makovu, kazi zote hizo hudorora kwa pamoja. Ongeza hapo mgonjwa aliyejaa maji tumboni, asiye na hamu ya kula na anayeshinda ndani, na utaona jinsi kiwango kinavyoweza kushuka bila upungufu huo kuwa chanzo cha ugonjwa.

Kuna jambo jingine ambalo hata baadhi ya wahudumu wa afya hulisahau. Kipimo cha kawaida huhesabu vitamini yote, iliyoshikwa na protini na iliyo huru. Protini ikipungua kwa sababu ini limechoka, jibu la maabara hushuka, ilhali sehemu iliyo huru, ambayo seli huitumia, huenda haijashuka kwa kiasi hichohicho. Kwa maoni yangu, kwa mtu ambaye ini lake limeshaharibika, namba ya chini isomwe kwanza kama dalili ya hali ya ini.

Je, kuna njia yoyote ambayo vitamini D ingeweza kulilinda ini?

Ipo, na ndiyo inayowafanya watafiti waendelee. Ndani ya ini kuna seli zinazohifadhi vitamini A ambazo, ini likiumizwa mara kwa mara, hugeuka na kuanza kutengeneza makovu. Mwaka 2013 watafiti wa taasisi ya Salk nchini Marekani walionyesha kwamba seli hizo zina vipokezi vya vitamini D, na kwamba dawa inayofanana na vitamini hiyo ilipunguza makovu katika ini la panya. Kwa kuwa saratani nyingi za ini huota katika ini lililokwisha kuwa na makovu, matumaini hayo yana msingi. Hata hivyo, matokeo ya panya hayawi tiba ya binadamu kabla hayajajaribiwa kwa binadamu.

Majaribio ya vidonge kwa binadamu yamesema nini?

Jaribio la VITAL la Marekani liliwapa watu wazima 25,871 ama yuniti 2,000 za vitamini D kwa siku ama vidonge visivyo na dawa. Matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba idadi ya waliopata saratani haikutofautiana kwa kiasi cha maana. Jaribio hilo lilihusu saratani kwa jumla, si ya ini peke yake.

Sisi tunaoishi kwenye jua la Afrika Mashariki, je, tumekingika?

La. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu Wamasai na Wahadza wa Tanzania ulikuta wastani wa vitamini D katika damu wa nanomoli 115 kwa lita, kiwango ambacho watu wengi wa Ulaya hawakifikii. Lakini jua halizuii virusi vya homa ya ini aina ya B, wala haliondoi sumukuvu, yaani sumu ya ukungu (aflatoksini), katika mahindi na karanga zilizoanikwa au kuhifadhiwa vibaya. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya kwa muda mfupi. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka hujiongezea hatari ya saratani ya ini, hasa akiwa pia na virusi vya aina ya B.

Hapa ndipo kinga iliyothibitishwa ilipo. Taiwan ilianza mpango wa kitaifa wa kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B mwaka 1984, na katika miaka iliyofuata saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilipungua kwa karibu nusu. Kwetu chanjo hiyo imo katika pentavalenti, yaani chanjo ya pamoja ya magonjwa matano, wanayochomwa watoto wakiwa na wiki 6, 10 na 14.

Nina homa ya ini B. Je, nitumie vitamini D?

Ukipimwa ukakutwa na upungufu, yaani chini ya nanogramu 12 kwa mililita (sawa na nanomoli 30 kwa lita), tibiwa, kwa sababu mifupa yako inaihitaji. Matibabu hayo yasichukue nafasi ya dawa za kudhibiti virusi, wala ya ultrasaundi ya ini kila baada ya miezi 6 ikiwa daktari amekuweka katika kundi la hatari.

Je, kuna madhara ya kuizidisha?

Yapo. Mtu mzima asizidishe yuniti 4,000 kwa siku bila maelekezo ya daktari, kwani ikizidi sana hupandisha kalsiamu katika damu na kuleta kutapika, kiu, kuchanganyikiwa na mawe ya figo. Saratani ya ini yenyewe wakati mwingine hupandisha kalsiamu, kwa hiyo mgonjwa wake apimwe kalsiamu kabla ya kuanza vidonge, na aende kliniki na chupa ya kila kirutubisho anachotumia ili daktari ajumlishe yuniti zilizomo.