Muhimbili: uzio mmoja, mabosi wawili

Kila ikizuka hoja ya kupanga upya uendeshaji wa vyuo vikuu vya umma, watu hukimbilia mchoro: kipi kiunganishwe na kipi, nani akae juu ya nani. Mimi ni mtu wa utawala wa elimu ya juu, na nikiulizwa huwa nawarudisha watu Upanga, Dar es Salaam, kwenye uzio wa Muhimbili wenye hospitali na chuo cha tiba. Pale karibu kila mchoro umeshajaribiwa.

Shule ya udaktari ilianza 1963. Mwaka 1968 ikawa Kitivo cha Tiba, enzi hizo Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) cha leo, bado ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1976 kitivo kikaunganishwa na hospitali, kikazaliwa Kituo cha Tiba Muhimbili. Mwaka 1991 kitivo kikawa chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam. Mwaka 2000 hospitali nayo ikasimama peke yake kama Hospitali ya Taifa. Mwaka 2007, Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 ikiwa imeshafungua mlango wa hati idhini, yaani hati ya chuo kujitegemea, chuo kikawa MUHAS, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na baraza lake na seneti yake. Ongeza Taasisi ya Mifupa, MOI, ya 1996, na Taasisi ya Moyo, JKCI, ya 2015. Wanaosema mafahari wawili hawakai zizi moja waende wakahesabu.

Chuo Kikuu Ardhi nacho kilijitenga na Mlimani mwaka huohuo wa 2007, lakini ule ulikuwa mgawanyo mwepesi kwa kulinganisha, kwa sababu karakana na madarasa hayana mgonjwa ndani.

Ingia wodini asubuhi utaona ninachosema. Anayeongoza raundi ni mhadhiri mwandamizi: mwajiri wake ni chuo, na chuo kiko Wizara ya Elimu. Kitanda anachosimama kando yake ni cha hospitali, na hospitali iko Wizara ya Afya. Pembeni yake yupo daktari bingwa wa hospitali, ambaye naye anawafundisha wanafunzi walewale. Mgonjwa akilalamika, anayebanwa ni Mkurugenzi Mtendaji. Wanafunzi wakifeli, anayebanwa ni Makamu Mkuu wa Chuo. Mhadhiri akiomba kupandishwa cheo ataulizwa machapisho, si usiku aliokesha na wagonjwa. Bingwa wa hospitali naye anapimwa kwa huduma, kufundisha kukibaki kama hisani. Hakuna mwovu hapo. Kila ofisi inafuata sheria yake, na sheria hizo hazikuandikwa zikitazamana.

Hospitali ya Mloganzila ilikusudiwa kuwa dawa ya hayo: chuo kiwe na hospitali yake. Ilizinduliwa Novemba 2017 chini ya MUHAS. Oktoba 2018 Rais Magufuli akaagiza ihamishiwe Hospitali ya Taifa. Mwaka haujatimia! Sishangai. Kuendesha hospitali kubwa ni kuhangaika na dawa, wauguzi, bima na jenereta, na baraza la chuo halikuundwa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo sioni tija ya kuunganisha tena, wala ya kugawa zaidi. Ninachokitaka ni mkataba wa maandishi kati ya vyombo viwili, wenye vipengele ambavyo watu huona aibu kuviandika: mkuu wa idara ya kitabibu ateuliwe na nani, na akivurunda aondolewe na nani, saa za wodini zihesabiwe vipi kwenye kupanda cheo, chuo kichangie nini kwa gharama ambazo hospitali inabeba kwa ajili ya wanafunzi. Baraza la Chuo na Bodi ya Hospitali zitie saini zote mbili, na wizara zote mbili ziwe mashahidi.

Dodoma (Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, na Hospitali ya Benjamin Mkapa) na Mbeya (ndaki ya afya ya UDSM na hospitali ya rufaa ya kanda) wako kwenye njia hiihii. Idara zao bado changa, na vyeo vingi bado havijapata wenyewe wa kuving'ang'ania. Huko ndiko ningeanzia.