Je, wajua kwa nini watu wa filamu bubu wanatembea mbio mbio?

Ukitazama filamu bubu kwenye simu, kinachokukamata mwanzo ni mwendo. Watu wanavuka barabara kwa vijihatua vya harakaharaka, na bwana anayevua kofia kusalimia ameshairudisha kichwani kabla hujamwona uso. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba kamera za enzi hizo zilikuwa duni, hazikuweza kunasa mwendo wa binadamu sawasawa.

Si kweli, na maelezo hayo yanawaonea mafundi waliokuwa hodari sana. Ndugu Lumière, wavumbuzi wa Kifaransa, walipoonyesha filamu zao kwa watazamaji waliolipa kiingilio, Paris, tarehe 28 Desemba 1895, mashine iliyopiga picha ndiyo hiyohiyo iliyozionyesha ukutani, na mpini wake ulizungushwa kwa kasi ileile au inayokaribiana nayo. Mwendo ulikuwa wa kawaida. Filamu yao ya wafanyakazi wakitoka kiwandani Lyon inachukua kama sekunde 46: wanawake wenye sketi ndefu wanamiminika getini, baiskeli inapita, mbwa anakatiza katikati yao. Ukiiendesha kwa kasi ya sinema za leo, yote hayo yanaisha kwa takriban sekunde 30, na wale wanawake wanaonekana kama wamesikia kengele ya hatari. Kamera ni ileile na mkanda ni uleule. Kilichobadilika ni kasi ya kuonyesha.

Kamera ya filamu hainasi mwendo. Inapiga picha za mnato, moja baada ya nyingine. Katika miaka ya filamu bubu, mpiga picha alizungusha mpini kwa mkono, na desturi ilikuwa mizunguko miwili kwa sekunde. Kila mzunguko ulitoa picha nane, kwa hiyo sekunde moja ilibeba picha 16. Ukizionyesha 16 kwa sekunde, mtu anatembea kama alivyotembea. Ukizionyesha 24, unafanya kilekile unachofanya unapobonyeza 1.5x kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Aliyerekodi alizungumza kwa utulivu wake, simu yake haina hitilafu, wala hakuna neno lililopotea. Ila dakika zake tatu zimekuwa mbili, na wewe unasikia mtu mwenye haraka. Hata kipimo ni hichohicho: 24 ukigawa kwa 16 unapata 1.5 kamili. Haraka ile tumemwongezea sisi.

Hiyo 24 ililetwa na sauti. Jicho linavumilia kasi inayopanda na kushuka kidogo, lakini sikio halivumilii: mashine ikienda mbio muziki unapanda juu, ikizubaa mwimbaji anakuwa na sauti nzito. Filamu za sauti ziliposhika kasi, hasa baada ya filamu ya The Jazz Singer mwaka 1927, mota ilibidi iendeshe mkanda bila kuyumba, futi 90 kwa dakika, yaani picha 24 kwa sekunde. Kumbi zikabadilisha mashine. Filamu bubu zilipoonyeshwa tena, na baadaye kwenye televisheni, mara nyingi zilipitishwa kwenye mashine hizo kama zilivyo. Nakala nyingi zinazozunguka mtandaoni zimezaliwa hapo.

Ila mtu asitoke hapa na imani kwamba kila filamu bubu ni picha 16 kwa sekunde. Hiyo nayo haiko sahihi. Mkono wa binadamu si mota, na kasi ilipanda kadiri miaka ilivyokwenda. Mwongozaji wa Marekani D. W. Griffith alitoa maelekezo ya kuonyesha filamu yake Home, Sweet Home ya 1914: rili (gurudumu la mkanda) ya kwanza ichukue dakika 16, ya pili 14 hadi 15, zilizobaki 13 hadi 14. Maana yake kasi ilibadilika ndani ya filamu moja, kwa makusudi! Wenye kumbi nao walikuwa na hesabu zao, na wapo walioharakisha mashine ili wapate onyesho la ziada usiku huo. Kwa hiyo hata watazamaji wa wakati ule hawakuona mwendo halisi kila mara. Kuhusu Metropolis, filamu bubu ya mwongozaji Fritz Lang, ya 1927, wataalamu wanabishana mpaka leo juu ya kasi yake sahihi.

Halafu kuna wachekeshaji. Hao waliitaka ile haraka. Katika Keystone, studio ya vichekesho ya Marekani, mpiga picha alizungusha mpini polepole kuliko desturi, picha zikawa chache kwa sekunde, ili zikionyeshwa polisi wa kuigiza wakimbie kuliko binadamu. Ukizipunguza kasi mno filamu hizo unaua kichekesho.

Kutofautisha haraka ya makusudi na ya bahati mbaya, mimi huangalia vitu visivyoigiza: moshi wa treni, maji, mkia wa farasi, mpita njia aliye nyuma kabisa. Katika Steamboat Bill, Jr. ya 1928, ukuta wa mbele wa nyumba unamwangukia mchekeshaji Buster Keaton, naye anasalimika kwa sababu amesimama panapopita dirisha. Ukuta ule ulianguka kweli, na hakuna mwongozaji anayeweza kuuambia ukuta uanguke haraka zaidi. Vumbi linalotimka baada ya hapo linaeleza mengi kuhusu kasi ya nakala uliyo nayo kuliko uso wa Keaton, ambao hauonyeshi hofu wala furaha.

Jaribu mwenyewe. Kwenye YouTube, fungua filamu bubu ambayo si kichekesho, nenda kwenye mipangilio, weka kasi 0.75. Kama nakala ilikuwa ikienda kwa picha 24, sasa unaona 18. Kama tayari imerekebishwa na watunza kumbukumbu, watu wataanza kuelea kana kwamba wako majini, basi irudishe ilivyokuwa. Isiporekebishwa, yule bwana wa kofia utamwona uso.